Except, Pass, na Kufuli la Kayole

Leo sina maneno matamu. Jambo hili nimekaa nalo kifuani muda mrefu, na kila nikifungua msimbo wa mwenzangu nalikuta limejikunyata pembeni likinitazama. Ni mistari miwili tu ya Python:

    except:
        pass

Kwa wasomaji ambao si watu wa kuandika programu, ngoja nieleze kwanza, maana jambo hili linawahusu ninyi kuliko linavyotuhusu sisi. Programu ikifika mahali pasipopitika, labda namba imekosekana, labda hifadhidata imezimika, labda mtu ameandika herufi palipotakiwa tarakimu, Python haiendelei mbele kama kipofu. Husimama na kurusha hitilafu. Hitilafu hiyo hupanda kutoka kipande kidogo cha programu kwenda kipande kilichokiita, na kutoka hapo kwenda cha juu yake, ikitafuta wa kuidaka. Asipopatikana, programu husimama na kuchapisha maelezo kamili: faili gani, mstari wa ngapi, kosa la aina gani.

Neno try husema "jaribu hili". Neno except husema "likiharibika, mimi nitadaka". Na pass maana yake ni "usifanye lolote". Basi mistari ile miwili, kwa lugha ya mtaani kwetu, inasema hivi: likitokea lolote, la aina yoyote, jifanye hujaona.

Wenzangu wengi huichukulia kuwa tabia mbaya kidogo, kama kuacha vyombo bila kuosha. Mimi nasema ni uongo. Ni uongo ulioandikwa kwa Python, na gharama yake hailipwi na aliyeuandika.

Najua kwa sababu niliwahi kuuandika mwenyewe.

Miaka kadhaa iliyopita, mwenye ploti moja Kayole, ghorofa 5 za vyumba vya kupangisha, alichoka na daftari la msimamizi wake. Huyo msimamizi ndiye sisi huku tunamwita keateka. Daftari lilikuwa limelowa, limefutwa, na kila mwezi lilizua ugomvi. Akaniuliza kama naweza kumtengenezea mfumo wa kodi. (Hapa kodi ni ya nyumba. Ndiyo maana ile ya kompyuta naiita msimbo, tusichanganyikiwe.) Nikasema naweza, hiyo ni kazi ya wiki mbili.

Nikamjengea kwa Django. Django ni kiunzi cha kujengea tovuti kwa Python. Kilizaliwa katika gazeti moja la mji wa Lawrence, jimbo la Kansas, Marekani, mikononi mwa Adrian Holovaty na Simon Willison, kikatolewa kwa umma mwaka 2005, na jina lake ni la mpiga gitaa Django Reinhardt. Si kitu cha mbali na sisi: Novemba 2023 mkutano wa kwanza wa DjangoCon Africa ulifanyika Zanzibar. Huku Eastlands kina kazi nyingi tu. Vijana wa Umoja, Donholm na Buruburu wanaojenga mifumo ya vyama, ya shule na ya kodi wakiwa kwenye meza ya sebuleni, wengi wao ndicho wanachokitumia.

Mpangilio wenyewe ulikuwa rahisi. Mpangaji analipa kwa Paybill ya mwenye nyumba, na pale penye namba ya akaunti anaandika namba ya nyumba yake. Safaricom, kupitia Daraja, ule mlango waliowafungulia waandishi wa programu mwaka 2017, inapiga hodi kwenye seva yetu na kuacha taarifa ya malipo. Humo mna TransID, ambayo ni namba ya risiti. Mna TransAmount, kiasi kilicholipwa. Na mna BillRefNumber, yale maandishi aliyoyaweka mpangaji kama akaunti. Kazi yangu ilikuwa kufungua mlango, kusoma na kuandika. Hivi ndivyo nilivyofanya:

    def pokea_malipo(request):
        try:
            data = json.loads(request.body)
            nyumba = Nyumba.objects.get(namba=data["BillRefNumber"])
            Malipo.objects.create(
                nyumba=nyumba,
                kiasi=data["TransAmount"],
                risiti=data["TransID"],
            )
        except:
            pass
        return JsonResponse({"ResultCode": 0, "ResultDesc": "Accepted"})

Soma mstari wa mwisho tena. Ile 0 ni jibu tunalowapa Safaricom, na maana yake ni "nimepokea, asante". Iko nje ya try. Yaani hata humo ndani kukiungua moto, mlangoni tunajibu kwa tabasamu kwamba mzigo umefika salama.

Mwezi mmoja mpangaji wa nyumba B7, mama anayeuza mboga, alilipa shilingi 6,500 tarehe 3. Hakuchelewa. Ila kwenye akaunti aliandika "B 7", akaacha nafasi katikati. Kwangu na kwako ni nyumba ileile. Kwa hifadhidata si ileile hata kidogo. Django ikaitafuta "B 7", ikaikosa, ikarusha hitilafu inayoitwa DoesNotExist. Ilifanya kazi yake vizuri kabisa: ilipiga kelele kwamba kuna pesa imeingia na mwenyewe hajulikani. Except yangu ikaidaka, pass ikaimeza, na ile 0 ikaenda Safaricom.

Pesa iliingia kwa mwenye nyumba. SMS ilimfikia mama. Kwenye mfumo wangu hakuna kilichoandikwa.

Tarehe 10 keateka akachapisha orodha ya wasiolipa. B7 imo. Jioni mama akarudi kutoka sokoni na mtoto mgongoni, akakuta kufuli si lake. Akatoa simu, akaonyesha SMS. Keateka akamwambia, "Mama, mimi naangalia kompyuta. SMS siku hizi watu wanatengeneza." Na kweli zipo za kutengenezwa, huwezi kumlaumu kwa hilo. Mwenye nyumba akanipigia. Nikafungua logi za seva, nikapitia siku 10 nzima. Safi kama maji ya mvua. Nikamjibu kwa kujiamini, maneno ambayo mpaka leo nikiyakumbuka masikio yananiwaka moto:

"Mfumo uko sawa. Hakuna hitilafu hata moja."

Kwa jirani alilala usiku 2, mpaka mwenye nyumba alipopata taarifa ya Paybill yake na kuipitia mstari kwa mstari. Risiti ilikuwepo. Mwongo hakuwa mama. Mwongo nilikuwa mimi, na uongo wangu nilikuwa nimeuandika miezi 4 kabla, usiku, nikiwa na haraka ya kulala.

Sasa tuongee kama watu wa kazi. Ile except tupu ina gunia la mambo ambayo hayana undugu. Nihesabu:

Taarifa imekuja imeharibika, json.loads ikashindwa. Sehemu fulani haimo, ukapata KeyError. Nyumba haijulikani, DoesNotExist. Nyumba mbili zimeandikwa namba moja, MultipleObjectsReturned. Hifadhidata imelala, OperationalError. Risiti hiyo tumeshaiandika jana na safu yake hairuhusu kurudia, IntegrityError. Na la saba, ambalo watu hulisahau: wewe mwenyewe umekosea tahajia ya jina la kigezo, NameError.

Katika hayo 7, ni moja tu ambalo ni halali kulinyamazia. Risiti iliyokwisha kuandikwa haihitaji kuandikwa tena, basi, unaendelea na safari. Mengine yote yanadai vitendo tofauti: jingine linataka mtu aamshwe usiku, jingine linataka keateka amuulize mpangaji, jingine linataka wewe urekebishe msimbo wako. Ukiyatia yote kwenye gunia moja na kulifunga kamba, umejinyima uwezo wa kujua lipi ni lipi. Na except tupu hudaka hata KeyboardInterrupt na SystemExit, yaani hata mtu anapojaribu kuizima programu yako inaweza kumkatalia.

Mnakumbuka fyuzi za zamani? Fyuzi ikikatika, kulikuwa na fundi wa mtaa anayekuja na kipande cha waya, anakifunga pale, stima zinarudi, watu wanampa chai na pesa. Fyuzi ilikuwa imekatika kwa sababu kuna waya mahali umechoka au mtu amechomeka majiko mawili. Fundi hakutengeneza kosa. Alimfukuza shahidi. Nyumba ikiungua miezi 3 baadaye, nani anamkumbuka fundi?

Najua majibu yenu, maana niliyatumia yote.

La kwanza: "Mteja asione kurasa za makosa, zinatia aibu." Kweli, asizione. Ile kurasa ya manjano ya Django yenye msimbo wako wote na mipangilio yako haifai hadharani kamwe. Weka DEBUG kuwa False kabla hujaalika mtu. Lakini kumficha mteja na kujificha wewe mwenyewe ni mambo mawili. DEBUG ikiwa False, hitilafu isiyodakwa na mtu Django huidaka yenyewe huko juu, humpa mgeni kurasa ya 500 unayoweza kuipamba upendavyo, huandika kisa chote kwenye logi ya django.request, na ukiwa umejaza orodha ya ADMINS na mipangilio ya barua pepe, hukutumia barua yenye maelezo yote. Yaani ukikaa tu bila kuandika except yoyote, unapata mlinzi wa bure. Wewe umeandika mistari 2 ya ziada ili umfukuze.

La pili: "Tukirudisha 500 kwa Safaricom tutaonekana hatujui kazi." Ndugu yangu, kusema 0 ni kusaini kwamba umepokea mzigo. Dereva wa lori ukimsainia na gunia halijashuka, ni nani asiyejua kazi?

La tatu: "Mteja anataka Ijumaa." Hili nalielewa zaidi ya yote, maana njaa haina Ijumaa. Lakini hesabu vizuri. Kuandika except yenye jina ni dakika 5. Mimi nilikaa siku nzima nikitafuta kosa ambalo Python ilikuwa imeniandikia jina lake, faili lake na mstari wake, nami nikaitupa ile karatasi bila kuisoma.

La nne: "Python yenyewe inaruhusu." Inaruhusu, ndiyo. PEP 8, ule mwongozo wa mtindo, unaonya juu ya except tupu, na ukiandika import this utaona maadili ya Tim Peters yenye mistari 2 inayogusa jambo hilihili; isome mwenyewe. Oktoba 2024 Pablo Galindo na Brett Cannon walikwenda mbali zaidi. Katika PEP 760 walipendekeza except tupu ikatazwe na lugha yenyewe. Pendekezo likapingwa kwamba litavunja programu nyingi za zamani, nao wakaliondoa. Mimi sikulia. Lingepita, kesho yake watu wangeandika except Exception: pass na kuendelea kulala. Ugonjwa hauko kwenye sarufi.

Msidhani ni Paybill tu. Wale mnaotumia STK push, ile inayomletea mteja dirisha la kuweka PIN, mna mtego wenu. Malipo yakifaulu, taarifa inayorudi huwa na ResultCode 0 na sehemu inayoitwa CallbackMetadata yenye kiasi na namba ya risiti. Yasipofaulu, sehemu hiyo haimo kabisa. Kwa hiyo ukiichota moja kwa moja bila kuangalia ResultCode kwanza, utapata KeyError kila mtu anapoghairi. Nimeona suluhisho la watu: except, pass. Sasa 1 ya salio lisilotosha, 1032 ya aliyeghairi, 1037 ya simu isiyopatikana, na hitilafu ya kweli ya seva yako siku mtu amelipa, zote zimezikwa kaburi moja bila alama. Siku ya kufukua utaanzia wapi?

Kuna baya zaidi ambalo wengi hawalijui. Django ina transaction.atomic, na ina mpangilio wa ATOMIC_REQUESTS, ambao hufanya kazi yote ya ombi moja iwe kitu kimoja: ama yote yameandikwa, ama hakuna kilichoandikwa. Je, Django inajuaje kwamba mambo yameharibika irudishe nyuma? Inajua kwa hitilafu inayotoka nje. Hiyo ndiyo ishara yake. Tuseme unaandika malipo, kisha unapunguza deni la mpangaji, kisha unatengeneza risiti, na hiyo ya tatu ikagonga mwamba kwa kosa la msimbo wako. Ukiiacha hitilafu itoke, zile mbili zinafutwa na vitabu vinabaki sawa. Ukiidaka humohumo ndani na kunyamaza, Django inaona amani tupu, inahifadhi nusu ya kazi. Sasa una deni lililopungua na risiti isiyokuwepo. Kiunzi kilikuwekea mkanda wa usalama, ukaukata kwa mkono wako.

Haya, nimelaumu vya kutosha. Mimi sasa naandika hivi:

    def pokea_malipo(request):
        ghafi = TaarifaGhafi.objects.create(maandishi=request.body.decode())
        try:
            with transaction.atomic():
                andika_malipo(ghafi)
        except RisitiImerudiwa:
            ghafi.funga("imeshaandikwa")
        except Nyumba.DoesNotExist:
            ghafi.peleka_foleni("namba ya nyumba haijulikani")
        except Exception:
            logger.exception("Malipo hayajaandikwa: taarifa %s", ghafi.pk)
            ghafi.peleka_foleni("hitilafu isiyotarajiwa")
        return JsonResponse({"ResultCode": 0, "ResultDesc": "Accepted"})

RisitiImerudiwa ni hitilafu niliyoitengeneza mwenyewe; andika_malipo huirusha ikikuta TransID ile tunayo tayari. Angalia mpangilio. Kwanza kabisa naweka taarifa kama ilivyokuja, kabla ya kuichambua, na mstari huo uko nje ya try. Ukishindwa, hitilafu itoke, seva ijibu 500, kwa sababu hapo kweli sijapokea kitu. (Ukiwa umewasha ATOMIC_REQUESTS, izime kwa njia hii moja, la sivyo taarifa ghafi nayo inaweza kufutwa pamoja na mengine.) Mstari huo ukipita, sasa naweza kusema 0 bila kudanganya: mzigo ninao, hata kama sijajua ni wa nani. Kinachofuata kikiharibika, kazi ya nusu inafutwa na atomic kwa sababu nimeidaka hitilafu nje yake, si ndani.

Najua kuna atakayeniambia, "Mbona wewe nawe umedaka Exception nzima?" Nimedaka, mlangoni kabisa, mahali pamoja, na sikunyamaza. logger.exception inaandika kisa chote pamoja na mstari kilipotokea. Ila jihadhari: zile barua pepe za Django huja kwa logi zake zenyewe. Logi yako binafsi haikutumii kitu mpaka uiunganishe kwenye LOGGING. Nami najua watu waliodhani wanalindwa, kumbe wanaandikia ukuta.

Foleni nayo ndiyo moyo wa mambo. Ni kurasa moja tu anayoiona mwenye nyumba kila asubuhi: pesa zilizoingia na wenyewe hawajulikani. Benki huzishika pesa za namna hiyo kwenye akaunti ya kusubiri. Hawazitupi kwa sababu mtu ameacha nafasi kati ya herufi na tarakimu. Na orodha ya wasiolipa haichapishwi mpaka foleni iwe tupu. Sheria hiyo moja, ambayo haina hata uhusiano na Python, ingemwacha yule mama alale kitandani kwake.

Tena kwa kesi yake nilikuwa na kinga mbili za mapema. Ya kwanza ni aibu kuisema: ondoa nafasi na geuza herufi kuwa kubwa kabla ya kutafuta. Ya pili ni anwani ya uhakiki ya Daraja, ambayo huulizwa kabla malipo hayajakamilika. Haifanyi kazi mpaka uwaombe Safaricom waiwashe, lakini ikiwaka unaweza kujibu C2B00012, akaunti si sahihi, na pesa isiondoke kwa mpangaji. Hapo hitilafu inamrudia mtu anayeweza kuirekebisha palepale, simu ikiwa bado mkononi.

Mnaweza kusema nakuza mambo, kwamba hii ni nyumba moja ya Kayole na usiku 2. Basi tazameni Uingereza. Kuanzia mwaka 1999 Post Office ya huko ilianza kutumia mfumo wa hesabu unaoitwa Horizon, wa kampuni ya Fujitsu. Mfumo ukawa unaonyesha upungufu wa pesa ambao haukuwepo. Wenye vituo vya posta waliposema kompyuta inakosea, waliambiwa mfumo ni imara. Zaidi ya watu 900 walitiwa hatiani kwa wizi na hesabu za uongo, baadhi wakafungwa jela. Ni mwaka 2019 ndipo Mahakama Kuu ilipotamka kwamba mfumo ulikuwa na kasoro, na mwaka 2024 Bunge likapitisha sheria ya kufuta hukumu. Sisemi chanzo cha kasoro zile kilikuwa except na pass. Nasema sentensi iliyowafunga ni ileile niliyomwambia mwenye ploti: mfumo uko sawa. Tofauti yangu na wao ni ukubwa wa jela tu.

Hilo ndilo linaloniudhi hasa. Mashine ikinyamaza, mzigo wa kuthibitisha hauendi kwa aliyeiandika. Unateremka ngazi hadi chini kabisa, kwa mtu mwenye simu ya kubonyeza na SMS moja, amesimama mbele ya kufuli saa 2 usiku, anayetakiwa athibitishe kwamba kompyuta imekosea. Atathibitisha kwa nini? Logi hana. Msimbo hajawahi kuuona. Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019 inampa haki ya kudai taarifa ya uongo kumhusu isahihishwe, lakini utasahihishaje kitu ambacho fundi ameapa kwamba hakikutokea? Mficha maradhi, kifo humuumbua, walisema wazee. Kwetu sisi mfichaji ni mmoja na anayeumbuka ni mwingine.

Kwa hiyo leo usiku, kabla hujalala, ingia kwenye folda ya kazi yako uandike hivi:

    grep -rn -A1 "except" --include="*.py" .

Kila penye pass chini yake, jiulize swali moja: hitilafu hii ikitokea kweli, nani atalipa? Ukiwa na jibu, na jibu ni "hakuna", iache, lakini iandike kwa jina lake na uweke maelezo ya kwa nini. Ukiwa huna jibu, ifute uiache hitilafu ipige kelele. Itakuamsha, itakuaibisha mbele ya mteja, itakuharibia Ijumaa. Vumilia. Wewe ndiye uliyelipwa kuisikia.

Mimi nilipoiandika mara ya kwanza kwenye mfumo ule wa Kayole, nilizikuta 11. Yule mama nilimwendea nikamweleza, maana nilimwia radhi kwanza kabla ya mwenye ploti. Alinisikiliza, akafunga fungu la sukuma, kisha akaniuliza, "Sasa ikikosea tena, itasema?"

Nikamwambia itasema.